Akaunti Imefungwa, Tokeni Bado Inafanya Kazi

Jioni moja niliagizwa kufunga akaunti ya mfanyakazi aliyekuwa amemaliza mkataba wake, nami nikaifunga papo hapo. Asubuhi iliyofuata, nilipopitia kumbukumbu za seva, nilikuta programu iliyotumia utambulisho wake imeendelea kusoma mafaili hadi karibu usiku wa manane. Hapakuwa na udukuzi wowote. Tokeni aliyopewa mchana, yaani kibali cha kidijitali ambacho programu huionyesha seva badala ya kutaja nywila kila mara, ilikuwa haijafikia muda wake wa kuisha, na kila seva iliyoipokea iliikagua saini ya kidijitali, ikaiona ni sahihi, ikamruhusu.

Tangu hapo nashikilia kwamba tunahangaika mno na namna mtu anavyoingia kwenye mtandao, huku namna ya kumtoa tukiiacha ijiendee yenyewe.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walieleza jinsi kompyuta mbili zisizojuana zinavyoweza kuaminiana kupitia seva ya tatu inayoaminiwa na zote mbili. Mwaka 1981 Dorothy Denning na Giovanni Sacco wakaonyesha kasoro: aliyenasa ufunguo wa zamani wa kikao, yaani ufunguo wa siri wa mawasiliano ya mara moja, angeweza kuutumia tena, kwa kuwa ujumbe haukuwa na kitu cha kuonyesha umri wake, na wakapendekeza uwekewe muhuri wa wakati. Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji wa mtandao uliozaliwa katika chuo cha MIT cha Marekani, ilirithi mawazo yote mawili. Ndiyo sababu tiketi zake, yaani vibali inavyotoa, zina muda wa kuisha, na ndiyo sababu pia seva ambayo saa yake imepishana na za wenzake kwa zaidi ya dakika 5, kiwango cha kawaida, huwakataa hata watu halali.

Tokeni za aina ya JWT (JSON Web Token), zilizowekewa kiwango rasmi mwaka 2015, zilileta wepesi wa kweli, kwa sababu kila seva hujikagulia saini bila kuuliza makao makuu. Lakini seva isiyouliza haiwezi kuambiwa kwamba mambo yamebadilika. Wapo wanaojibu kwamba kuuliza kila mara ni kuifanya seva moja ishike roho ya mtandao mzima, ikianguka kila kitu kimesimama, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo haihalalishi tokeni inayodumu kwa muda wa saa 12. Tokeni ya dakika chache, inayofanywa upya kwa kurudi kwenye seva kuu, huupa mtandao nafasi ya kupumua hitilafu inapotokea, na bado humfikia aliyeondolewa kabla hajafika mbali.

Upande wa vyeti vya tovuti, vile vinavyokithibitishia kivinjari kwamba tovuti ni ile inayojidai kuwa, umekwisha kulijifunza hili kwa machungu. Kampuni ya DigiNotar ya Uholanzi, iliyokuwa ikitoa vyeti hivyo, ilipodukuliwa mwaka 2011 na vyeti bandia kutolewa kwa jina lake, watengenezaji wa vivinjari walilazimika kusambaza matoleo mapya ili kuiondoa kwenye orodha ya wanaoaminiwa, kwani njia za kawaida za kubatilisha vyeti hazikutosha. Leo uamuzi uliopitishwa ni kwamba ifikapo Machi 2029 cheti cha tovuti kisidumu zaidi ya siku 47.

Kwa hiyo kila ninapoletewa mfumo mpya huuliza swali moja kabla ya mengine yote: nikifunga akaunti sasa hivi, seva ya mwisho itamkataa mtu huyu baada ya dakika ngapi? Wengi huanza kunieleza habari za nywila na alama za vidole, nami hulirudia swali lile lile mpaka nipewe idadi ya dakika.