Maziwa Hakuna, Chumvi Hakuna

Hivi jamani, hapa Kigoma mtu hawezi tena kula mgebuka wake kwa amani? Mpwa wangu, msomi wa chuo, karudi likizo na kanipeleka hoteli moja ya ufukweni, eti mjomba leo ule kisasa. Wakaleta sahani kuuubwa. Ndani majani. Mabichi! Sungura wa jirani yangu wanahudumiwa vizuri kuliko vile.

"Saladi hiyo, mjomba. Kiingereza ni letasi. Jina limetoka kwenye Kilatini, lactuca, na lac ni maziwa."

Kusikia maziwa, nikashika kijiko. Yako wapi? Kumbe ni utomvu! Ukikata shina lake linatoa utomvu mweupe, basi Warumi wakaona hayo ni maziwa. Sasa mpapai wangu nao nianze kuukamua? Na mnyaa wa uani je? "Maziwa" yake yakikuingia jichoni, unaongozwa kwa mkono hadi hospitali.

Hajamaliza. Ipo aina yenye majani marefu: Waingereza wanaiita kos, kwa kisiwa cha Kos huko Ugiriki, wengine romaine, yaani ya Roma. Jani moja, makwao mawili! Dagaa wetu anaanikwa Kibirizi, anapanda treni, anashuka Dar es Salaam, na bado ni dagaa wa Kigoma. Hiyo ndiyo tabia njema.

Nikaona kwenye menyu "saladi ya Caesar", nikajua angalau hii ya yule mtawala wa Roma, bei ina sababu. Wapi! Ni ya Caesar Cardini, mwenye mgahawa Tijuana, Mexico, mwaka 1924. Mpishi mwenzetu tu.

Lililonimaliza ni hilo neno saladi lenyewe. Linatokana na sal, chumvi. Maana yake kitu kilichotiwa chumvi. Nikatafuna jani. Chumvi hamna! Mkoa huu huu wenye Uvinza, watu wanachemsha chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, mimi nauziwa "iliyotiwa chumvi" isiyo na chumvi, na bili yake inatosha kununua sado ya dagaa. Kwa mama ntilie kachumbari inakuja na limao, pilipili na chumvi yake, bure, wala hakuna anayekuuliza Kilatini.

Mpwa akaivuta sahani, akaanza: "Sasa mjomba, hili neno tomato, asili yake ni Waazteki wa..."

Nikamwambia nyanya aniachie. Hiyo bado nataka kuila.