Shikamoo Kutoka Chini ya Sinki

Bomba linalovuja mchana kutwa halimpi mtu taabu ya kufikiri, kwa kuwa fundi huliona, huliziba, hulipwa na kwenda zake. Taabu ni maji yanayotoka pale tu yanapotaka. Ndani ya kabati lililo chini ya sinki la bafuni kwetu, Tabata, mahali tunapoweka sabuni na karatasi za chooni, tulikuta dimbwi asubuhi moja. Siku zilizofuata palikuwa pakavu kabisa, na tulipokwisha kusahau, dimbwi likarudi na kulowanisha bunda zima la karatasi.

Fundi bomba wa mtaani aliitwa. Alifungua koki hadi mwisho, akayaacha maji yakimbie, akapapasa kiungo kimoja baada ya kingine, kisha akaninyooshea kidole kikavu kuwa ndiyo ripoti yake. "Bosi, hapa pako sawa," alisema. Hata hivyo, fundi hawezi kuondoka bila kubadilisha kitu, kwa hiyo alibadilisha kile kikombe cha plastiki kinachonasa uchafu na kuizuia harufu ya shimo isipande, akazungushia tepu nyeupe kila penye uzi, hata pasipohitaji, akapokea ujira wake. Tulimsifu hadi Ijumaa, siku ambayo dimbwi lilirudi.

Mke wangu aliulaumu mgao. Kwa maoni yake, maji ya bomba kuu yanapofunguliwa usiku wa manane huja na nguvu nyingi, yakapenya mahali ambapo mchana hayapenyi. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba sinki letu halipati maji kutoka bomba kuu bali kutoka simtanki lililo juu ya mnara wa zege, kwamba mita 10 za kimo hutoa presha ya bar 1 hivi, kwamba mnara wetu haufiki hata nusu ya kimo hicho, na kwamba presha hiyo haiongezeki eti kwa sababu mtaa mzima umepata maji. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama hesabu hiyo itakausha kabati.

Niliamua kufanya uchunguzi wa kisayansi. Kanuni yenyewe ni rahisi: sehemu inayoleta maji huwa na presha saa zote, hivyo ikiwa na kasoro itavuja hata watu wakiwa wamelala, ilhali sehemu inayotoa maji machafu haiwezi kuvuja mpaka mtu atumie sinki. Nilikausha kila kitu kwa kitambaa, nikavisha kila kiungo karatasi ya chooni, nikatandika gazeti chini, kisha nikakoroga buluu ya kufulia katika kopo la maji na kuimimina sinkini. Buluu ilishuka salama hadi shimoni bila kuacha hata doa. Dimbwi lilipotokea tena, maji yake yalikuwa maangavu, hayana sabuni wala harufu. Nikahitimisha kwa kujiamini kwamba maji safi hutoka kwenye bomba la maji safi, nikanunua mpira mpya wa kupandishia maji na koki mpya ya chini. Dimbwi halikujali.

Majuma hayohayo tulikuwa na mgeni. Baba mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga, akisubiri kupasuliwa mtoto wa jicho. Alikuwa akinyoa ndevu Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, na pia siku za kliniki, lakini katika nyumba yetu hakuna ambaye angethubutu kumuuliza mzee huyo anafanya nini bafuni.

Ijumaa moja alfajiri nilikuwa nimelala chali sakafuni, kichwa na mabega vikiwa ndani ya kabati, magoti nimeyakunja juu kwa sababu bafu letu halina nafasi ya kunyoosha miguu, nikibadilisha karatasi zangu za uchunguzi, mlango ukafunguliwa. Mzee aliingia na fulana na msuli, redio yake ndogo ikinong'ona mkononi. Hakuwasha taa, kwani wakati huo taa haikumwongezea kitu. Alipapasa akitafuta mahali pa kutundika taulo, akalipata goti langu la kulia, akalitundika hapo na kulinyoosha pembe zake.

Mkwe humwamkiaje mkwewe akiwa chali sakafuni, naye mzee yu katika msuli? Jandoni kwetu somo hilo halikuwemo. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia niliposikia kizibo kikibanwa na maji yakianza kujaa juu ya paji la uso wangu. Kwa kuwa macho hayakumwonyesha yamefika wapi, mzee alitegemea sikio: aliyasubiri yakorome katika lile tundu dogo lililo karibu na ukingo, ambalo huyapokea maji ili sinki lisifurike. Kutoka kwenye tundu hilo hushuka bomba la plastiki lenye mikunjo, na letu lilikuwa limepasuka upande uliogeukia ukuta. Maji yakakoroma, na papo hapo yakanimiminikia usoni, mengine puani.

"Shikamoo, baba!" nilipiga kelele.

"Marahaba," alijibu mzee kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuamkiwa. Kisha redio ikatumbukia sinkini. "Nani huyo?"

"Ni mimi, baba! Nimeliona!"

"Umeona nini?" aliuliza, akijifunga msuli upya kwa mikono yote miwili.

Bomba jipya la mikunjo lilitugharimu chini ya bei ya ile tepu. Fundi hakuweza kuiona kasoro kwa sababu alifungua koki bila kuziba sinki, na maji yake, kama buluu yangu, hayakupanda kufikia lile tundu. Dimbwi nalo lilikuwa safi kwa sababu mzee hujaza kwanza ndipo apake sabuni. Upasuaji umefanyika, na sasa kiwango cha maji anakiona kwa macho yake. Hata hivyo, kila anapotutembelea, kabla ya kugusa koki huugonga mlango wa kabati kwa mpini wa brashi yake ya kunyolea, hupiga hodi, na husubiri kidogo kama kuna atakayemwitikia.