Wauza spea, bei na alama andikeni kwa ndani jamani!

Shemeji yangu ana Toyota IST ya silva, bodaboda ikamvaa ubavuni na mlango wa nyuma wa kushoto ukabonyea vibaya. Kilichompeleka kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, ni kitu kimoja tu, apate mlango wenye rangi ileile ya gari lake ili asipige rangi kabisa, na akaupata kweli, silva ya kiwandani, safi, hauna hata doa la kokoto. Ila katikati ya uso wa mlango, pale ambapo kila mtu ataangalia, kuna mtu kaandika kwa maka peni nyeusi: IST, LH (yaani kushoto), na bei. Muuzaji anamwambia "hiyo inatoka dada, fundi atapitisha tina tu."

Fundi kapitisha tina kweli, ile ya kuyeyushia rangi. Kalowanisha tambara, kalibandika juu ya maandishi, kaenda kunywa chai. Aliporudi maandishi yametoka na kliya, lile tabaka angavu la juu ya rangi, nayo imefubaa, baka zima kama kiganja limekufa mng'ao, ndo linakuja lile neno la mafundi wetu, "tupige rangi tu." Wakapiga. Na silva jamani mnaijua, ina vile vichengachenga ndani, ukiikosea kidogo tu wakati wa kupuliza basi kivulini inafanana, lakini juani mlango mweusi kuliko fenda. Sasa hivi ndivyo ilivyo.

Mimi hili linaniuma sana, na naomba niseme kwa uchungu wote. Mtu anayenunua mlango wa mtumba wa rangi yake hanunui bati, ananunua ile rangi. Bati lake la zamani lingenyooshwa na mtu wa panelbiti likapakwa puti yakaisha. Analipa zaidi kwa sababu rangi ya kiwandani imepikwa kwenye oveni, na hakuna fundi wa uchochoroni atakayeirudisha vile ilivyokuwa. Kliya yenyewe mara nyingi ni maikroni 40 au 50 tu, nyembamba kuliko unywele. Halafu wewe muuzaji unayejua kabisa hiyo ndiyo inayokupa bei, unachukua maka unaandika juu yake! Mlango una upande wa ndani mzima hauonekani ukishafungwa. Boneti ina chini yake, fenda ina ule ukingo unaoingia kwenye bodi. Na kama lazima iwe kwa nje basi bandika masking tepu uandike juu ya tepu, mteja akifika anaibandua yameisha.

Najua, stoo zina giza, milango imepangwa mia inafanana, kushoto na kulia vinachanganya, na mingine inashuka kwenye kontena ikiwa tayari imeandikwa huko Japani. Sawa, nimekubali. Lakini bei haikuandikwa Japani.

Sasa kwa aliyeshanunua. Tina iwe ya mwisho kabisa, na kama mlango ulishawahi kupigwa rangi hapa mjini isiguse kabisa, maana rangi isiyo na hadina, ile dawa ya kuigandisha, inayeyuka palepale. Osha kwa sabuni, weka kivulini bati lipoe. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha. Maka ya kawaida, ile ya kuandikia maboksi, inatoka kwa spiriti ya duka la dawa: lowanisha kitambaa cha pamba, kikalishe juu ya herufi muda mfupi tu, futa kuelekea upande mmoja, geuza upande msafi, rudia. Ukisugua kwa kuzungusha unausambaza wino tu. Na kila ukigeuza angalia kitambaa, kikishika weusi endelea, kikishika rangi ya gari simama.

Hapo kwenye kushika rangi wenye Toyota nyeupe yenye namba ya rangi 040 msikilize. Angalia kwenye kibati cha gari, palipoandikwa C/TR. Ile nyeupe ikitoka kiwandani kwa kawaida haina kliya juu, kwa hiyo ukisugua unasugua rangi yenyewe, nenda taratibu mno. Ya 070, ile nyeupe ya lulu, ina kliya lakini ukiiharibu kuipuliza upya ni tabaka tatu, gharama yake utalia.

Maka ya rangi, ile nene ya njano au nyeupe, spiriti mara nyingi haiiwezi ikishakauka. Hiyo ikwangue polepole kwa ukucha au kadi ya plastiki, mabaki malizia kwa mkono na kompaundi, ile krimu ya kung'arishia rangi. Ukibaki ule mzimu wa herufi, maana wino ukikaa juani muda mrefu unazama ndani ya kliya, ni kompaundi tena, na msasa wa maji namba 2000 ashike mtu anayejua, kliya ikiisha imeisha. Bampa na taa ni plastiki, asetoni na tina zisisogee, taa itapasuka vinyufa ukiwa unaiangalia. Na yeyote atakayekwambia tumia mafuta ya breki mkimbie, yanavua rangi hadi bati.

Kuna maandishi mengine sitamfundisha mtu kuyafuta. Wengi tunachonga namba ya gari kwenye vioo, taa, hata kwenye vitasa, kwa sababu tumeibiwa tukachoka. Ukiletewa spea ina namba ya usajili imechongwa, au unaona imesuguliwa pale ambapo namba huwa inakaa, mrudishie mwenye duka na uondoke. Hiyo haijashuka na kontena, hiyo imetolewa kwenye gari la mtu usiku, na mwenyewe yuko hapahapa mjini anaitafuta.