Ndizi Mkononi, Mbega Mtini: Tuwalishe Wanyama wa Mapangoni?

Anayezuru pango la Amabere ga Nyina Mwiru, kilomita chache nje ya mji wa Fort Portal, magharibi mwa Uganda, huona mawe ya chokaa yanayoning'inia yakidondosha maji meupe. Masimulizi ya Watooro, wenyeji wa eneo hilo, yanasema maji hayo ndiyo yaliyomlea Ndahura, mfalme wa hadithi zao, baada ya mama yake kukatwa matiti kwa amri ya Bukuku, babu yake Ndahura. Katika miti ya jirani huishi mbega na tumbili, na hapo ndipo linapozuka swali linalogawanya watu: je, mgeni aruhusiwe kuwalisha?

Wanaoruhusu wana hoja nzito. Hifadhi za taifa za Uganda hurudisha asilimia 20 ya viingilio kwa jamii zinazozizunguka, lakini vivutio vidogo vilivyo nje ya hifadhi havimo katika mpango huo, kwa hiyo mwenyeji hutegemea kile mgeni anacholipa siku hiyohiyo. Mgeni aliyempa tumbili ndizi huondoka ameridhika, huwasimulia wenzake, na muuza ndizi wa kando ya njia hupata chochote. Kumwambia mtu huyo aache biashara yake bila kumwonyesha nyingine ni kumwonea, na watetezi wa wanyamapori wamezoea kulipita jambo hili haraka mno.

Hata hivyo, hasara ninaiona kubwa kuliko faida. Mbega ana tumbo lenye vyumba kadhaa, ambamo vijidudu huchachusha majani, na matunda matamu kwa wingi huvuruga kazi hiyo. Tumbili hana shida hiyo, ila akishazoea mkono wa binadamu hamngojei mtalii. Huingia shambani na jikoni kwa mkulima ambaye hakupata hata shilingi ya kiingilio. Katika mapango ya Batu, Malaysia, ambako nako chokaa na kima hukutana na umati wa wageni, wanyama waliozoea kulishwa hunyakua mifuko kutoka mikononi mwa watu.

Uzito zaidi uko kwenye maradhi, nayo hupita pande zote mbili. Mwaka 2013, huko Kanyawara katika Hifadhi ya Kibale, si mbali na Fort Portal, kirusi ambacho kwa binadamu kwa kawaida huleta mafua tu kiliua sokwe 5 kati ya 56 wa kundi moja. Kwa upande wa pili, mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa homa ya Marburg baada ya kuingia pango lenye popo katika msitu wa Maramagambo, hukohuko Uganda. Pango hilo halikufutwa katika ramani ya utalii: ilijengwa sehemu ya kutazamia iliyo mbali na popo, na wageni wanaendelea kufika. Mfano huo, kwangu, unajibu hofu kwamba umbali unafukuza watalii.

Basi ndizi zizuiwe, pango libaki wazi. Kiingilio kiongezwe kidogo, na nyongeza hiyo igawiwe waongoza wageni na wale waliokuwa wakiuza ndizi, ambao wanaweza kuwauzia wageni wenyewe matunda baada ya ziara, mbali na miti. Muuzaji aketi katika kikao cha kupanga kiwango hicho, kwa kuwa katazo lililopangwa bila yeye litavunjwa mara mlinzi atakapogeuka.