Kaa asiye na uso

Jana usiku nilikaa na wapwa zangu kutazama The Little Mermaid ya 2023, filamu ya Disney kuhusu nguva Ariel, ile ya watu wa kweli badala ya michoro. Katuni ya 1989 ilimaliza hadithi nzima kwa dakika 83. Hii, dakika 135! Wameongeza karibu saa nzima, na bado wakamtoa yule mpishi Mfaransa aliyemkimbiza yule kaa Sebastian jikoni, kipande kilichokuwa kikituvunja mbavu.

Na Sebastian mwenyewe, jamani! Kwenye katuni alikuwa na mdomo, nyusi, hofu usoni. Sasa ni kaa wa sokoni kabisa, macho yamemtoka, anaimba lakini uso hausemi kitu. Flounder, yule samaki rafiki wa Ariel, naye ukimwona unawaza ndimu na pilipili. Mpwa wangu mdogo akauliza, "Mjomba, huyu samaki amenuna?" Nimjibu nini?

Halle Bailey, aliyeigiza Ariel, simgusi, sauti anayo, na waliomwandama kwa rangi yake walinichosha kuliko filamu yenyewe. Lakini huko chini ya bahari mbona giza hivyo? Muda mwingi nilikuwa na rimoti mkononi, napandisha mwanga wa televisheni.