Gawio la mafuta Alaska: walipwe wananchi au zilipwe shule?

Mwaka 1969, mwaka mmoja tu baada ya mafuta kugunduliwa Prudhoe Bay, jimbo la Alaska, Marekani, liliuza haki za kuchimba likapata dola milioni 900. Fedha zile ziliisha ndani ya miaka michache. Wananchi wakashtuka, na mwaka 1976 wakapiga kura kuingiza Mfuko wa Kudumu kwenye katiba: angalau robo ya mrabaha, yaani malipo ya wachimbaji kwa jimbo, iwekezwe, na mtaji wake usiguswe. Tangu 1982 kila mkazi anayetimiza masharti, hata mtoto mchanga, hupata gawio la mwaka kutokana na faida ya mfuko huo. Lilianza na dola 1,000. Mwaka 2022 lilifika dola 3,284.

Wanaotaka lipunguzwe hawasemi ovyo. Mafuta yalifika kilele mwaka 1988, takriban mapipa milioni 2 kwa siku, na leo hayafiki hata theluthi ya hapo. Kodi ya mapato ilifutwa mwaka 1980, na kodi ya mauzo ya jimbo haipo. Kwa hiyo gawio na mishahara ya walimu vinagombea fedha zilezile. Mwaka 2016 Gavana Bill Walker alilikata karibu nusu, kila mtu akaambulia dola 1,022.

Lakini tazama ramani. Alaska inakaribia mara mbili ya Tanzania, na watu wake ni kama 730,000 tu. Vijiji vingi vya Wayup'ik, wenyeji wa asili wa huko magharibi, havijaunganishwa na barabara. Petroli huja kwa tishari kabla mto haujaganda, na bei yake inauma. Bila petroli hiyo boti haiendi kuvua samoni, na nyama ya majira ya baridi haipatikani. Ukikata dola 1,000 kwa kila kichwa, familia ya watu sita imepoteza 6,000. Mhandisi wa jiji la Anchorage hukatwa kiasi kilekile kwa kichwa na wala hashtuki. Mfanyakazi anayeruka kutoka jimbo jingine kwenda kwenye visima vya mafuta, kisha akarudi kwao na mshahara wake, hakatwi hata senti.

Kukata gawio, basi, ni kutoza kodi, tena kodi inayomwelemea zaidi maskini. Nakubaliana na wakosoaji kwamba mfuko usikombwe, na sheria ya 2018 iliyoweka kikomo cha kuchota takriban asilimia 5 kwa mwaka ilikuwa ya lazima. Ila pengo la shule lizibwe kwa kurudisha kodi ya mapato, ili mhandisi na mgeni wa visimani nao wachangie.