Shangazi Alivyomtunza Mchekeshaji

Mtu akikuambia anakwenda Edinburgh, kule Scotland, mwezi wa nane kutazama vichekesho, usimuulize ana hela kiasi gani. Muulize magoti. Mji ule umekaa vilimani, barabara moja inapita juu ya kichwa cha nyingine, na tamasha lenyewe, Fringe, halina uwanja wala geti. Maonyesho zaidi ya 3,000 yametapakaa mji mzima: kumbi za chuo kikuu, makanisa, vyumba vya mikutano vya hoteli, makontena, vyumba vya chini vya baa. Hakuna kamati ya kuchagua nani apande jukwaani. Ukipata chumba na ukalipa ada ya kuandikishwa, basi wewe ni msanii wa Fringe.

Shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa Tanga, alikuwa amenitembelea Glasgow. Tukiwa kwenye treni nikamsimulia lilivyoanza. Mwaka 1947 Edinburgh iliandaa tamasha la kimataifa, la watu wazito, na wasanii wakaalikwa. Makundi manane ya tamthilia ambayo hayakualikwa yakaja vivyo hivyo, yakatafuta kumbi za pembeni, yakacheza.

"Kumbe walizamia," alisema Shangazi.

Walizamia. Na leo wazamiaji wana shughuli kubwa kuliko ya mwenye harusi.

Sasa, kumbi za Fringe hukodishwa kwa vipande vya muda. Chumba kimoja kinaweza kubeba maonyesho saba au manane kwa siku. Kila onyesho lina dakika 55 hivi, au 60, kisha zinabaki dakika 10 au 15 za kutoa watazamaji, kuondoa vyombo vya kundi lililomaliza, kupanga vya kundi linaloingia, kufuta bia iliyomwagika na kuingiza foleni mpya. Mmoja akizidisha dakika kumi, wote walio nyuma yake wanachelewa mpaka usiku. Ndiyo maana tiketi yetu ya tamthilia ya mchana iliandikwa 14:20. Shangazi aliisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Saa nane na dakika ishirini? Hii tamthilia au treni?"

Tulishuka kituo cha Waverley tukiwa na dakika 40 za kwenda mwendo wa dakika 12. Kwa mtu asiyepita Royal Mile, barabara kuu ya mji wa kale, hesabu hiyo inatosha na chenji inabaki. Tatizo ni kwamba Royal Mile mwezi wa nane imejaa wasanii wanaogawa vipeperushi, na Shangazi hajazoea kupokea karatasi ya mtu kimyakimya. Kwake kila kipeperushi kilikuwa kadi ya mwaliko. Alisimama, akasalimia, akauliza shughuli ni ya nani, ni saa ngapi, ni wapi, na wazazi wa mwenye shughuli hawajambo. Akaahidi kwenda, inshallah. Hatua tatu mbele, kadi nyingine.

Nikiri kwamba maswali yake yalikuwa mazuri kuliko ya watalii wengi. Kipeperushi unachopewa na msanii mwenyewe kina thamani kuliko cha kijana aliyeajiriwa kugawa, maana huyo wa kuajiriwa atakuambia tu onyesho linachekesha sana. Ukimuuliza linahusu nini, anatazama karatasi kama wewe. Nyota za wahakiki nazo zina mambo. Utaona kikaratasi kimebanwa kwa pini juu ya kipeperushi: nyota tano! Soma jina la aliyezitoa. Kama ni gazeti unalolijua, sawa. Kama ni tovuti usiyowahi kuisikia, huenda ni ya binamu wa msanii.

Tulipotoka pale Shangazi alikuwa na rundo la vipeperushi unene wa msahafu mdogo, na dakika zilizobaki zilikuwa tisa.

Simu ikatuelekeza South Bridge. Tukatembea. Maduka kulia, maduka kushoto, barabara kama barabara. Mara simu ikatangaza kwa sauti ya kujiamini kwamba tumefika. Ukumbi hakuna. Tukageuka, tukarudi, ikasema tumefika tena. South Bridge, kama jina linavyosema, ni daraja. Lilifunguliwa 1788, lina matao 19, na matao 18 yamefichwa na majengo yaliyojengwa ubavuni, kwa hiyo unaweza kulivuka usijue kwamba chini yako hakuna ardhi. Linabaki tao moja tu wazi, pale linaporuka barabara ya Cowgate. Ramani ya simu ni bapa. Kwake Cowgate na South Bridge ni njia panda ya kawaida. Shangazi ndiye aliyeegemea ukuta mahali penye uwazi, akachungulia.

"Mwanangu, wale watu kule chini, wenye foleni, si ndio wanaingia kwetu?"

Ndio waliokuwa wakiingia kwetu, ghorofa kadhaa chini ya viatu vyetu. Ngazi ya kushukia hapo hapo haipo. Ilibidi turudi mpaka kanisa la Tron, tuteremke Blair Street, mteremko ambao ukiwa na mvua, na mvua ilikuwepo, unaushuka kwa ubavu mithili ya kaa. Kwa anayekwenda: anwani ikisema Cowgate, achana na simu, shuka kwanza mpaka usione mahali pa kushuka tena, ndipo uanze kutafuta namba.

Tulifika 14:23. Mlango umefungwa. Binti mwenye redio ya mkononi akatuambia kwa upole kwamba wanaochelewa hawaingizwi na hela hairudi. Si roho mbaya. Vyumba vile vingi vina mlango mmoja, nao unatokea ubavuni mwa jukwaa. Ukiufungua, taa ya korido inammulika mwigizaji aliye peke yake gizani, tena wewe unapita mbele yake umeinama na mkoba.

"Mwambie tumetoka Tanga," alisema Shangazi.

Nikamwambia. Akasema ni mbali sana, samahani.

Shangazi akaketi kwenye ngazi, akasugua goti, akaanza kuchambua rundo lake. Hakutazama nyota. Alichomoa moja. "Huyu kijana nilipomuuliza hali, na yeye aliniuliza. Twende kwake." Lilikuwa onyesho la bure, saa tisa na nusu, chini ya baa ya jirani.

Maonyesho ya bure yana uchumi wake, na ni vizuri uujue kabla hujakaa. Msanii halipii chumba. Mwenye baa anafaidika na vinywaji. Msanii anaishi kwa ndoo ya michango: mwishoni anatoa hotuba fupi ya dakika moja hivi, anawakumbusha kwamba kuingia ni bure ila kutoka kuna utaratibu, anataja paundi 5 au 10, anaonyesha mashine ya kadi, kisha anakimbilia mlangoni kabla yenu. Hotuba hiyo ndiyo mshahara. Ikikosekana, watu wanatoka wakitabasamu na kusema asante sana.

Hakuna tiketi, unapanga foleni dakika 15 au 20 kabla. Chumba chenyewe kilikuwa na viti kama 50, dari unayoigusa kwa mkono, ukuta wa mawe unaotoa jasho. Jukwaa lilikuwa mbao mbili juu ya kreti. Mbele yake, sakafuni, ilikuwapo ekstensheni moja nyeupe yenye kitufe chekundu kinachowaka, na humo vilichomekwa spika, taa mbili za jukwaani na feni. Waya umebandikwa kwa gundi ya karatasi nyeusi. Ile ekstensheni niliiona. Kila mtu aliiona.

Viti vya mbele vilikuwa vitupu. Mwingereza hakai mbele kwenye vichekesho, anajua ataulizwa anafanya kazi gani. Shangazi hajawahi kukaa nyuma kwenye shughuli tangu aolewe. Akaketi kiti cha katikati, mstari wa kwanza, akatengeneza kanga yake juu ya jaketi, akaweka mkoba mapajani.

Kijana akapanda. Dakika ya pili akafanya wanachofanya wote: akamwinamia aliye mbele. "Na wewe mama, umetoka wapi?"

Mchekeshaji akiuliza hivyo, ameshaandaa jibu la kila jibu. London, anayo. Marekani, anayo. Mwalimu, mhasibu, mwanasheria, vyote anavyo. Salamu kamili ya Tanga hakuwa nayo. Shangazi alimjibu kwa Kiingereza chake cha ubaoni, akamuuliza na yeye kwao wapi, mama yupo, amekula, mbona amekonda, na ameoa au bado. Chumba kikacheka mpaka mtu mmoja akakohoa. Kijana akatupa jicho kwenye saa ndogo aliyoiweka sakafuni, maana zilikuwa zimekwenda dakika sita na hajasema kichekesho hata kimoja alichokiandika.

Aliendelea vizuri, lakini. Alikuwa na kipaji. Halafu ikafika dakika ya 40.

Wazoefu wa Fringe wanaijua dakika ya 40. Onyesho la saa nzima halibebwi na utani mtupu, hadhira inachoka kucheka, kwa hiyo wengi hupunguza mwendo hapo na kusema jambo zito: ugonjwa, talaka, baba aliyefariki. Kimya kinaingia, kisha dakika kumi za mwisho utani wa mwanzo unarudi ukiwa na uzito mpya, taa zinazimwa ghafla, makofi. Huyu wetu alikuwa na baba aliyefariki. Akasimulia jinsi mzee alivyokuwa akiimba jikoni, akafumba macho, akaimba beti moja ya wimbo wa mzee. Sauti ilimtetemeka.

Nikasikia mkoba ukifunguka.

Anayemjua mwanamke wa Tanga anajua kwamba wimbo ulioimbwa kwa uchungu hauachwi upite hivi hivi. Shangazi alisimama na noti ya paundi 10 kati ya vidole viwili, mkono juu, akaanza kwenda mbele polepole, bega moja linashuka, jingine linapanda, kwa mdundo ambao yeye tu aliusikia. Kijana akafumbua macho. Hakukimbia, nampa heshima yake kwa hilo.

Shangazi akaibandika noti kwenye paji la uso. Kwetu noti ya karatasi ingeganda pale, hasa kwa jasho lile. Lakini noti za Uingereza siku hizi ni za plastiki, za paundi 5 tangu 2016 na za paundi 10 tangu 2017, na plastiki haishikani na jasho, inateleza. Ikashuka puani, ikashuka kidevuni. Akaibandika tena. Ikateleza tena. Safari ya tatu akasogea hatua moja mbele apate nguvu ya kuisukumiza kwenye kola, na kisigino kikatua juu ya kitufe chekundu.

Taa zikazimika. Spika ikakata. Feni ikazunguka mara ya mwisho, ikanyamaza. Ikabaki taa ya kijani ya mlango wa dharura, na katika mwanga huo Shangazi, ambaye kwake kutunza bila vigelegele ni kazi iliyoachwa nusu, akapiga vigelegele.

Hebu jiweke kwenye kiti cha nyuma. Umesikia habari ya kusikitisha, umeona mwanamke wa Kiafrika akitoka kwenye hadhira akicheza, giza limeingia ghafla, sauti imepasua chumba. Utajua vipi kwamba huo si mwisho wa onyesho? Giza la ghafla ndiyo alama ya mwisho, wamefundishwa hivyo na kila onyesho walilotazama tangu asubuhi. Wakasimama wote, wakapiga makofi ya nguvu, bibi mmoja analia. Kisha wakachukua makoti yao na kuelekea ngazini. Dakika ya 43. Hotuba ya ndoo haijasemwa.

Kijana alikuwa akipapasa sakafuni akitafuta swichi. Nikamnong'oneza Shangazi kwamba hawa wakitoka, kijana hana mshahara.

Sikuwahi kuona goti likipona upesi kiasi hicho. Alinyakua ndoo, akafika mlangoni kabla ya mtu wa kwanza, akaziba njia. Mtu aliyekusanya michango ya harusi Tanga kwa miaka na miaka hahitaji hotuba. "Paundi tano. Wewe ulicheka sana, nilikusikia, kumi. Wewe na mkeo ni wawili. Sarafu hizi ni za nani? Rudi." Mwanamume mmoja alisema hana pesa taslimu, Shangazi akamwelekeza kwenye mashine ya kadi, akasimama naye mpaka ikalia.

Taa zilipowaka, kundi linalofuata lilikuwa limeshaanza kuingiza vitu: dada mwenye kodiani na mwenzake aliyebeba ngazi. Kijana akaitazama ndoo, akatutazama sisi. Noti ya paundi 10 alikuwa ameiokota chini ya kiti, akamnyooshea Shangazi kwa mikono miwili, akisema imeanguka.

"Tuzo hairudishwi," alisema Shangazi. "Na nenda ukale."

Yule dada wa kodiani alikuwa amesikia vigelegele kutoka kwenye ngazi. Akatuuliza kama tunabaki. Shangazi akamuuliza je, katika onyesho lake kuna kuimba. Akasema ni kuimba tupu.

Nikaisogeza ekstensheni ukutani. Shangazi alikuwa ameshaketi, anachenji noti ya 20.